Vyoo vya madrasa na fedha za wafadhili: Ungeni mikono kabla ya kuomba

Katika ukurasa wa afya na usafi tumezoea kukumbushana mambo ambayo kila familia inayamudu: kunawa mikono kwa sabuni, kuchemsha maji ya kunywa, kufunika shimo la choo. Lakini yapo mambo ya usafi ambayo familia moja haiyawezi, na hata msikiti mmoja hauyawezi. Madrasa yenye watoto 200 na matundu mawili ya choo, moja limejaa na jingine halina mlango, haitaokolewa na somo la kunawa mikono. Watoto wale watajisaidia nyuma ya ukuta, mvua ikinyesha uchafu utaingia kisimani, na mzazi atashangaa kwa nini mwanawe anaharisha kila masika. Hapo panahitajika fedha, na si fedha ya sanduku la Ijumaa peke yake.

Kamati nyingi zinalifahamu hilo, na hivyo huandika barua kwa wafadhili. Barua inaomba milioni nane za kujenga choo. Miezi inapita hapana jibu, au jibu linakuja kwamba maombi hayakufanikiwa. Baada ya hapo maneno huanza: tumebaguliwa, hawatupendi, wenzetu wanapendelewa. Simkatalii mtu kwamba upendeleo upo duniani. Hata hivyo, mara nyingi sababu ni nyepesi kuliko hiyo, na ina dawa.

La kwanza kufahamu ni kwamba mfadhili mkubwa hapendi kutoa fedha ndogo ndogo. Kusimamia ruzuku ya milioni nane kunamgharimu takriban kazi ile ile ya kusimamia ruzuku ya milioni mia mbili: kusoma maombi, kutuma mtu kukagua, kupokea ripoti, kupitia risiti. Ndiyo maana mashirika mengi huweka kiwango cha chini, na ombi lililo chini ya hapo halisomwi kabisa.

La pili ndilo zito zaidi. Mfadhili anauliza maswali ambayo kamati moja haina majibu yake yote. Nani atachimba? Nani atapima maji kama ni salama? Nani atawafundisha watoto na wazazi kukitumia choo na kukitunza? Nani atahesabu, kabla na baada, kujua kama kuhara kumepungua? Na nani atashika fedha akiwa na hesabu zilizokaguliwa? Kamati ya msikiti inaweza kujibu moja au mawili. Yanayobaki yapo kwa watu wengine, na pengine wote wanaishi kata ile ile.

Tuangalie mfano wa jirani zetu wa Uganda, maana habari zake zimeandikwa na kuhifadhiwa vizuri. Mwaka 1988 madaktari na wahudumu wa afya Waislamu nchini humo waliunda chama chao, Islamic Medical Association of Uganda. Wakati ule ukimwi ulikuwa unamaliza watu. Madaktari walikuwa na elimu ya ugonjwa, lakini nani aliwasikiliza huko vijijini? Maimamu walisikilizwa kila Ijumaa, lakini hawakuwa na elimu ya ugonjwa. Mwaka 1989 madaktari wakawaendea viongozi wa dini, wakafanya nao semina, na Mufti akatangaza jihadi dhidi ya ukimwi.

Kitu walichokifanya baadaye ndicho kinachostahili kuigwa na kila kamati. Hawakukimbilia kuomba fedha nyingi kwa maneno matupu. Walifanya uchunguzi kwanza katika wilaya ya Mpigi, wakawauliza Waislamu wanajua nini kuhusu ukimwi na wanaishi vipi. Mwaka 1992 ndipo ulipoanza mradi wa kuelimisha familia kupitia maimamu. Msikiti ulikuwa na imamu, wasaidizi wake mwanamume na mwanamke, na watu wa kujitolea waliotembelea familia majumbani. Zingatia huyo msaidizi mwanamke: ndiye aliyeweza kukaa na akina mama uani wakazungumza yale ambayo imamu asingeweza kuyauliza.

Baada ya miaka miwili walipima tena. Elimu ya watu ilikuwa imeongezeka na baadhi ya tabia za hatari zilikuwa zimepungua, na matokeo hayo yakachapishwa mwaka 1998 katika jarida la kitaalamu. Mwaka huo huo shirika la Umoja wa Mataifa la UNAIDS lilitoa kijitabu kizima kuueleza mradi huo kama mfano mwema kwa wengine. Mradi ulikuwa umeshaenea katika wilaya nyingine kwa fedha za wafadhili wa nje.

Je, madaktari wale wangepata fedha hizo bila misikiti? Au misikiti ingezipata bila madaktari? Wala tusidhani walikubaliana kwa kila kitu. Suala la kondomu lilileta ubishi mkubwa mwanzoni, wakakaa, wakajadiliana, wakafika mahali pa kuelewana. Ubishi wa namna hiyo ni afadhali umalizwe kwenye mkeka kabla fedha hazijaingia, kuliko uibuke katikati ya mradi mkaguzi yupo mlangoni.

Sasa turudi kwenye madrasa yetu. Tuseme kata ina misikiti mitatu, kila mmoja una madrasa. Ipo zahanati, ipo shule ya msingi, kipo kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, na afisa afya wa kata ofisi yake iko karibu na soko. Misikiti mitatu ikiandika barua tatu, itapata majibu matatu ya kukataliwa. Ikiandika andiko moja, mambo yanabadilika. Misikiti inaleta ardhi, nguvu kazi na watu wanaosikilizwa. Zahanati inaleta daftari lake: ni watoto wangapi wametibiwa kuhara mwaka jana, mwezi baada ya mwezi. Daftari hilo, ndugu msomaji, lina thamani kuliko kurasa kumi za maelezo ya shida zetu. Afisa afya anajua ramani za vyoo zinazokubalika na umbali kati ya shimo na kisima. Kikundi cha akina mama kinaleta kitu ambacho wanaume wengi hukidharau, nacho ni mazoea ya kuandika kila shilingi na kufungua sanduku mbele ya wote. Na shule ya msingi inaongeza idadi ya watakaonufaika, ikiwa ni pamoja na watoto wasiokuwa Waislamu. Wapo watakaoguna hapo. Lakini kipindupindu hakiulizi mtu dini yake, na maji yanayopita chini ya ardhi hayajui mpaka wa msikiti.

Kinachobaki ni nani atashika fedha. Wafadhili wakubwa wa afya wana utaratibu wao. Mfuko wa Dunia wa kupambana na ukimwi, kifua kikuu na malaria, ulioanza kazi mwaka 2002, hutoa fedha kwa mpokeaji mkuu, naye huzigawa kwa wapokeaji wadogo wanaofanya kazi chini yake. Nchini Kenya, kwa mfano, Chama cha Msalaba Mwekundu na Amref wamewahi kuwa wapokeaji wakuu, kila mmoja akiwa na vyama vidogo chini yake. Hivyo basi, kikundi kidogo kisione haya kuingia kama mpokeaji mdogo. Tafuteni shirika lililosajiliwa, lenye akaunti ya benki na hesabu zilizokaguliwa miaka kadhaa mfululizo, liwe mwombaji mkuu. Miaka miwili au mitatu ya kutunza fedha za mwenzenu vizuri ndiyo itakayowapa nyinyi jina la kuomba wenyewe.

Hapa ndipo pa kuwa macho. Yapo mashirika ya mjini yanayotafuta vikundi vya vijijini ili kuweka majina yao kwenye andiko tu. Mnapigwa picha, mnasaini karatasi, kisha hamuoni kitu. Kwa hiyo msisaini hata herufi kabla ya kuwa na hati ya makubaliano, na muisome mbele ya watu wenu kwa lugha wanayoielewa. Hati iseme kila mshirika atafanya nini, atapata kiasi gani na lini. Iseme gharama za ofisi za mwombaji mkuu ni asilimia ngapi. Iseme vifaa vitakuwa mali ya nani mradi ukiisha: lile simtanki la lita 5,000, ile pampu, ile pikipiki. Iseme nani anaruhusiwa kuzungumza na mfadhili, na kwamba kila mshirika atapewa nakala ya bajeti iliyopitishwa. Shirika likikataa kuonyesha bajeti, liacheni liende zake.

Hali kadhalika, fedha za ruzuku zisichanganywe na za zaka. Zaka ina makundi yake manane, na kama choo cha madrasa kinaingia humo au hakiingii ni swali la kumuuliza sheikh, si mweka hazina. Fungueni akaunti mbalimbali. Mfadhili akikuta shilingi yake imelipia futari, hata kama mlikusudia kuirudisha, habari itafika kwa wafadhili wengine kabla yenu.

Jingine ni mchango wenu wenyewe. Wengi hudhani ukionyesha una chako utanyimwa. Ukweli ni kinyume. Katika vita dhidi ya polio, wanachama wa Rotary duniani walianza kuchanga mwaka 1985, wao wenyewe, kutoka mifukoni. Mwaka 2017 walikubaliana na mfuko wa Gates kwamba Rotary ikichanga dola milioni 50 kwa mwaka, mfuko huo utaongeza mara mbili yake. Yaani milioni 50 zikawa 150 kila mwaka, kwa sababu milioni 50 za kwanza zilikuwepo. Kwenye kata yetu, tofali 2,000 zilizofyatuliwa na vijana na kuandikwa kwa thamani yake ni mchango halali wa kuingiza kwenye bajeti. Andikeni pia siku za kazi za mafundi waliojitolea.

Wala msining'inie kwa mfadhili mmoja. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika lake la USAID lilikuwa limefungwa. Miradi ya afya iliyoitegemea peke yake katika nchi nyingi ilisimama ghafla, wafanyakazi wakarudi nyumbani. Waliokuwa na washirika wawili watatu walipata angalau muda wa kujipanga.

Kwa kuanzia, mtu mmoja katika kamati yenu aende wiki hii kwa afisa afya wa kata na kwa mganga mfawidhi wa zahanati, aombe kuziona takwimu za kuhara za mwaka uliopita. Wengine wahesabu matundu ya choo na watoto, wavulana mbali na wasichana mbali. Mkikutana na misikiti mingine muwe na namba hizo mkononi. Na mnapoandika bajeti msisahau mstari mmoja unaosahaulika sana: shimo litajaa. Gari la kunyonya majitaka linalipwa, na mfadhili atakuwa ameshaondoka. Amueni mapema ni familia zipi zitachanga, kiasi gani kwa mwezi, na daftari la mchango huo litakaa kwa nani.