Somo la Afya: Mtoto Mchanga Akikataa Ziwa

Mtu mzima akiugua hueleza maumivu yake yaliko. Mtoto wa siku nne hana maneno, na hata kilio chake hupungua pale maradhi yanapozidi. Kwa hiyo yapasa wazazi, wakunga, waalimu na masheha wa Pemba wazijue dalili za maradhi ya vijidudu katika damu, maana huweza kumwua mtoto kwa siku moja au mbili.

Vijidudu hivi havionekani kwa macho. Huingia kwa njia ya kitovu, ngozi au mapafu, au mtoto huvipata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa. Kisha damu huvieneza mwili mzima. Aliye katika hatari zaidi ni mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia, au mwenye uzito mdogo, au ambaye maji ya uzazi yalitoka zaidi ya saa 18 kabla hajazaliwa.

Watu wengi hudhani kwamba pasipo homa hapana maradhi. Hilo ni kosa. Mtoto mchanga huweza kuwa na vijidudu katika damu na mwili wake ukawa baridi. Basi katika siku 28 za mwanzo angalieni haya:

1. Hanyonyi vizuri, au ameacha ziwa kabisa.
2. Mwili una joto la digrii 37.5 au zaidi, au ni baridi chini ya 35.5.
3. Anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, naye ametulia. Au kifua chabonyea ndani sana.
4. Amelegea, hajongei ila akiguswa.
5. Ameshikwa na degedege.
6. Kitovu ni chekundu au chatoa usaha.

Ikionekana dalili moja tu, apelekwe kwa daktari saa ile ile. Wako wasemao kwamba degedege ni kazi ya shetani, wakamngoja fundi. Hatumkatazi mtu kumwomba Mungu. Lakini dua yaweza kusomwa njiani.

Je, daktari hujuaje? Kwanza hutazama dalili hizo hizo. Kisha, panapo vifaa, huchukua damu kidogo sana, isiyofika nusu ya kijiko cha chai, ikatiwa katika chupa yenye chakula cha vijidudu na kuwekwa katika joto kama la mwili. Mfano wake ni mbegu za karafuu kitaluni: hazichipui siku ya kupandwa. Vijidudu navyo huhitaji siku moja, mbili, au zaidi hata vionekane. Kazi ya namna hii imefanywa hapa Pemba katika Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa Wawi, karibu na Chake Chake, mwaka 2000.

Lakini maradhi hayangoji chupa. Kwa hiyo daktari huanza kumchoma mtoto sindano za dawa kabla majibu hayajatoka. Mama asishangae wala asikatae. Majibu yakija, humwonyesha daktari kama dawa ile yafaa au yapasa kubadilishwa. Pengine chupa haitaoteshi kitu, ingawa mtoto ni mgonjwa kweli, kwa kuwa damu ilikuwa chache. Basi mtoto asiondolewe hospitali kwa sababu ya neno la chupa peke yake, wala sindano zisikatizwe kwa kuwa ameanza kunyonya. Na dawa ya dukani isitumiwe badala yake.

Sasa tuseme mtoto wa kisiwa cha Fundo amekataa ziwa usiku wa manane. Safari ya Wete huanza kwa chombo. Asiyejua chombo ki wapi na nahodha ni nani, hungoja alfajiri; na alfajiri huenda ikawa ni kuchelewa. Basi kila sheha na ajue leo, kabla ya haja, ni nani mwenye chombo au gari atakayeitika usiku. Na kila mwalimu awasomee wazazi dalili hizi sita mpaka wazishike kwa moyo.