Mzio wa Ndagala

Usiku, ziwa la Tanganyika mbele ya Uvira huonekana kama mji. Ni taa za wavuvi. Ndagala huufuata mwanga, na wavuvi huwainua kwa nyavu. Asubuhi akina mama huwaanika pwani. Samaki hao wadogo hufika katika nyumba nyingi, na katika chungu cha shule pia.

Siku moja mtoto wa kike wa darasa la tatu hakuugusa mchuzi. Alikula bugali mtupu. Wenzake wakamcheka: «Huyu anajidai! Kwao wanakula nyama kila siku!» Mwalimu naye akadhani ni kiburi, akamwamuru ale kama wengine. Mtoto akatii. Alikula ndagala wawili tu. Mara midomo ikavimba, mapele yakatoka mwili mzima, akatapika, akaanza kuvuta pumzi kwa shida. Mwalimu akambeba mbio mpaka hospitali. Mganga akamchoma sindano, naye akapata nafuu.

Jioni mama yake alifika.

«Mwalimu, mtoto huyu samaki humdhuru tangu utoto wake. Hakukuambia?»

«Aliniambia, mama. Sikumsadiki.»

Watu wa zamani waliita mzio chakula ambacho mtu hukiacha kwa sababu kinamdhuru. Leo waganga hutumia neno hilohilo. Mwili wa mwenye mzio hukidhania chakula chema kuwa adui, ukapigana nacho. Si uchawi, wala hauambukizi. Wengine wana mzio wa karanga, wengine wa mayai au maziwa ya ng'ombe. Kupika sana hakuuondoi mzio wa samaki, na kipande kidogo chaweza kuua.

Kesho yake mpishi alitenga chungu kidogo cha maharagi. Lakini alikoroga vyungu vyote viwili kwa mwiko mmoja! Mkuu wa shule aliona, maharagi yale yakapewa wengine. Tangu hapo chungu kidogo kina mwiko wake, umefungwa uzi mwekundu.

Kwa nini maharagi? Muhogo hutia nguvu, lakini haujengi mwili. Mtoto anayekula muhogo mtupu siku nyingi huvimba miguu, na nywele zake hugeuka rangi. Ndiyo kwashiorkor. Mganga Cicely Williams aliueleza ugonjwa huo kwa jina hilo mwaka 1935, baada ya kuuona kwa watoto wa Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana. Katika Kivu pia umewapata watoto wengi. Basi anayenyimwa samaki lazima apewe kingine cha kujenga mwili.

Katika somo la dini, Padri aliwafungulia barua ya Mtume Paulo kwa Warumi, sura ya 14. Huko Paulo anawakataza wanaokula kila kitu wasiwadharau wasiokula.

Sasa mtoto yule hula mkekani pamoja na wenzake. Aliyemcheka zaidi ndiye anayempelekea sahani, naye hunawa mikono kwanza kwa sabuni, maana ameshika ndagala.

Maswali. Mwalimu alikosa nini? Kwa nini mwiko wa pili ulihitajika? Nyumbani kwenu, nani ana chakula kinachomdhuru?