SOMO LA 12: NDEGE YA MIZIGO

Ndege nyingi hubeba watu. Nyingine zimeundwa kubeba mizigo. Mojawapo ni Hercules, iliyoundwa na kampuni ya Lockheed ya Marekani.

Hercules ya kwanza iliruka mwaka 1954. Ilikuwa ndege ya jeshi. Ilibeba askari, magari na silaha. Mwaka 1964 iliruka Hercules ya kiraia, iitwayo L-100. Hiyo ilikuwa ya kampuni za kubeba mizigo.

Mabawa ya ndege hii yako juu, na tumbo lake liko karibu na ardhi. Nyuma, chini ya mkia, kuna mlango mpana. Ukishushwa huwa kama daraja. Lori hurudi nyuma hadi mlangoni, mzigo ukapakiwa moja kwa moja. Ndege hubeba takriban tani 20. Hizo ni sawa na magunia 200 ya kilo 100.

Ndege hii iliwafaa sana jirani zetu wa Zambia. Zambia haina bahari. Mafuta yake yalipitia Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, bila kuwajali Waafrika walio wengi. Mwezi uliofuata njia ya mafuta ya Zambia ilikatika. Bila mafuta, magari yangesimama na kazi ya migodi ya shaba ingeharibika.

Ilibidi kupita Dar es Salaam. Lakini barabara ilikuwa mbaya, hasa wakati wa mvua. Mwaka 1966 Zambia ilianza kutumia ndege za L-100. Zilikuja Dar es Salaam na shaba, zikarudi na mafuta. Hazikuja tupu, wala hazikurudi tupu.

Hata hivyo, kusafirisha mizigo kwa ndege ni ghali. Mwaka 1968 bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lilianza kazi. Mwaka 1975 ujenzi wa reli ya TAZARA ulikamilika. Ndege ilisaidia wakati wa shida. Bomba na reli ndizo njia za kudumu.

MASWALI
1. Kwa nini ni rahisi kupakia mizigo katika Hercules?
2. Kwa nini Zambia ilihitaji njia mpya mwaka 1965?
3. Mkulima ana magunia 50 ya kilo 100. Hizo ni tani ngapi?
4. Zungumzeni darasani: Gari likipeleka mazao yenu mjini, lirudi na nini?