Kuwatafuta Samaki Chini ya Barafu

Watoto wengi wa nchi zetu hawajaona barafu, ila mvua ya mawe, au weupe wa kilele cha Kilimanjaro kwa mbali. Basi si rahisi kuwaza ziwa zima lililoganda juu, hata watu wakatembea juu yake kama tutembeavyo uwanjani. Lakini katika jimbo la Minnesota, upande wa kaskazini wa Marekani, jambo hilo hutokea kila mwaka. Huko kuna ziwa liitwalo Mille Lacs, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 530, na kina chake kikubwa ni kama mita 13 tu. Kwa kawaida barafu hulifunika tangu Desemba hata Aprili, wala wavuvi hawaachi kazi yao kwa sababu hiyo. Hutoboa tundu kwa keekee kubwa, wakashusha mshipi wenye ndoana na chambo.

Kutoboa si shida. Shida ni kujua mahali pa kutoboa. Mvuvi wa pwani yetu huona ndege wakirukia maji, au rangi ya maji ikibadilika, akajua kuwa samaki wapo. Yule wa barafu haoni kitu ila weupe pande zote. Hana budi kufikiri kwanza samaki yuko wapi, na kwa nini awe hapo.

Huanza na tabia ya maji yenyewe. Maji yakipoa huzidi kuwa mazito, kama vitu vingi vilivyo. Lakini yakifika digrii 4 za sentigredi hugeuka, na yakizidi kupoa huwa mepesi tena. Barafu ni nyepesi zaidi, nayo huelea. Mimi nilipofundishwa habari hii chuoni sikuisadiki sana, mpaka nilipoona kipande cha barafu katika bilauri ya maji, sehemu 9 kwa 10 zikiwa zimezama na moja imechungulia juu. Basi wakati wa baridi maji yaliyo karibu na barafu ni baridi kuliko yote, na yale ya digrii 4 hukaa chini. Kama barafu ingezama, samaki wangepata wapi pa kukaa?

Lakini samaki hahitaji joto tu. Ataka chakula, na ataka oksijeni, yaani ile hewa iliyochanganyika na maji, ambayo huivuta kwa mashavu yake. Barafu huziba ziwa kama kifuniko, hewa ya nje isiingie. Mwanzo wa baridi samaki wengi hukaa karibu na ukingo, penye magugu mabichi, maana magugu yakipata nuru kupitia barafu hutoa oksijeni. Baadaye theluji huwa nene juu ya barafu, nuru hupungua, magugu hufa na kuoza, na kuoza huko hula oksijeni. Katika maziwa mengine madogo yasiyo na kina, samaki hufa kwa wingi kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mvuvi huyatazama sana magugu yaliyonaswa na ndoana yake. Yakiwa ya kijani, hungoja. Yakiwa meusi yenye kunuka, huchukua vyombo vyake na kwenda penye kina zaidi.

Wala hatoboi tundu moja na kulikalia kutwa. Hutoboa mengi kwa mstari, toka maji machache kwenda kwenye kina, akapima kila moja kwa chubwi. Chubwi likigonga mwamba, mkono husikia mshindo. Likiingia matopeni, hutua kimya. Mahali anapopatafuta zaidi ni pale sakafu ya ziwa inaposhuka ghafula, au mwamba unapokutana na matope, kwa kuwa samaki hupenda kupita mipakani. Siku hizi wengi wana chombo kipelekacho sauti chini na kupokea mwangwi wake, nacho huonyesha kina, na pengine samaki mwenyewe. Hata hivyo, chombo hicho huonyesha yaliyo chini ya tundu na kando yake kidogo. Mahali pa kutoboa huchaguliwa na mtu.

Saa nazo zina maana. Samaki aitwaye wolai ana macho yanayong'aa kama ya paka, yaonayo vema katika nuru haba. Basi huja kuwinda magharibi na alfajiri. Zamani Waojibwe, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, walijifunika ngozi au blanketi juu ya tundu ili wawe gizani, wakaweza kuona ndani ya maji. Walichezesha samaki wa mti aliyechongwa, na mkuki tayari mkononi.

Kuna jambo moja la kuogopesha. Mwisho wa baridi, theluji ianzapo kuyeyuka, vijito huleta maji yenye oksijeni, na samaki hukusanyika vinywani mwa vijito hivyo. Lakini maji yaendayo mbio hula barafu kwa chini. Hivyo mahali penye samaki wengi ndipo penye barafu dhaifu. Mtu aendaye kwa miguu huhitaji barafu safi isiyopungua sentimita 10. Ile nyeupe, iliyochanganyika na theluji, nguvu yake ni kama nusu tu. Mvuvi mzoefu hutangulia kuigonga kwa mtaimbo hatua kwa hatua. Shingoni hutundika misumari miwili yenye mipini. Akitumbukia, hugeukia upande aliotoka, ambako barafu ilimchukua, akaichoma misumari na kujivuta kifudifudi. Kisha hubingirika, wala hasimami mpaka awe mbali na maji.