Mtoto Anapopasuliwa, Baba Yuko Wapi?

Mwana wetu alipokuwa na miaka 3 alihitaji kupasuliwa ngiri ya kinena. Nilimwachia mama yake kila kitu, nikidhani hiyo ni kazi ya wanawake. Alfajiri ya siku ile mtoto alilia njaa. Mama akiwa anaoga, nikampa uji.

Hospitalini mtoto alisema, “Baba alinipa uji.” Operesheni ikaahirishwa. Mke wangu alirudi kimya, na kimya kile kiliniuma kuliko matusi.

Safari ya pili tulienda sote. Muuguzi alinieleza: kabla ya dawa ya usingizi, mtoto hukaa saa 6 bila chakula, maana chakula chaweza kupanda kikaingia mapafuni. Tena ngiri hiyo haiponi yenyewe. Utumbo ukikwama humo, ni hatari. Nilimwomba mama msamaha palepale. Tulimsindikiza mtoto hadi mlangoni, tukangoja tumeshikana mikono. Alipona.

Akina baba, tuliapa kushirikiana katika taabu. Basi maagizo ya daktari tuyasikie wawili.

Jadilianeni: Mtoto akiugua, je, tunasaidiana au tunalaumiana?