Maktaba Zilizokataa Kuungana: Tajriba ya Kuunda Programu ya Msamiati mjini Garsen

Utangulizi

Makala haya yanaeleza tatizo ambalo mwanafunzi wa fasihi halitarajii nyanjani. Nilikuwa Garsen, katika kaunti ya Tana River, nikikusanya nyimbo za bembelezi za Wapokomo kwa ajili ya tasnifu ya uzamili. Msomaji atakumbuka kuwa lahani ya wimbo wa taifa wa Kenya, uliotungwa wakati wa uhuru mwaka 1963, ilitokana na bembelezi ya Kipokomo. Kwa hivyo uwanja huu si mgeni kwetu.

Bibi aliyeniimbia alikuwa na safari ya Hola baada ya siku mbili. Nilihitaji orodha ya maneno yote yasiyo ya Kiswahili katika matini nilizonakili, ili nimuulize maana zake kabla hajaondoka. Nikaandika programu fupi ya C++, hakiki.cpp, ya kulinganisha kila neno na kamusi ya Kiswahili kupitia maktaba ya Hunspell, ile inayosahihisha tahajia katika LibreOffice. Mtandao ulikuwa umekatika, nami nilikuwa na msimbo asilia wa Hunspell kwenye flashi. Niliiunda mwenyewe kwa make, kisha make install.

Makosa matatu

Programu hutafsiriwa kwanza kwa lugha ya mashine, faili kwa faili. Baadaye huja programu nyingine ya kuunganisha vipande hivyo na maktaba. Nitaiita mwunganishi, isije ikachanganywa na kiunganishi cha sarufi.

Kosa la kwanza lilisomeka: cannot find -lhunspell. Mwunganishi akiambiwa -lhunspell hutafuta faili iitwayo libhunspell.so au libhunspell.a, wala hakisii. Nilipotazama saraka ya /usr/local/lib nikaona faili yangu inaitwa libhunspell-1.7.so. Jina sahihi basi ni -lhunspell-1.7. Amri ya pkg-config --libs hunspell ingaliniambia hayo mapema. Kama maktaba ingekuwa katika saraka isiyo ya kawaida, ningemwelekeza kwa -L.

Kosa la pili ndilo lililonipotezea usiku mzima: undefined reference. Maana yake ni kwamba msimbo umetaja kitu ambacho fasili yake haijapatikana, mithili ya kitenzi chenye kiambishi cha mtendwa ambacho nomino yake haikutajwa popote. Nilidhani maktaba yangu ni mbovu. Nikaikagua kwa nm -DC, na majina yote yalikuwemo! Hatia ilikuwa katika mpangilio wa amri:

g++ -lhunspell-1.7 hakiki.cpp -o hakiki

Mwunganishi husoma kutoka kushoto kwenda kulia. Alipoifikia maktaba, hapakuwa bado na aliyeomba chochote, basi akaipita. Ndivyo ilivyo daima kwa maktaba tuli za .a, na katika Ubuntu hata kwa zile za .so. Dawa ni kuitanguliza faili inayoomba:

g++ hakiki.cpp -o hakiki -lhunspell-1.7

Ajabu ni kwamba sisi tunaofundishwa sintaksia tangu mwaka wa kwanza ndio tunaosahau kuwa mpangilio una maana.

La tatu lilizuka baada ya programu kuundwa salama. Nilipoiendesha ilisema haiwezi kuifungua libhunspell-1.7.so.0. Hapa mwunganishi hana lawama. Anayelalamika ni mpakiaji, ambaye hutafuta maktaba wakati programu inapoanza na hutegemea orodha yake mwenyewe. Amri ya ldd ./hakiki ilionyesha maneno not found mbele ya maktaba hiyo. Nikaendesha sudo ldconfig ili orodha isasishwe, na programu ikaamka. Asiye na idhini ya msimamizi anaweza kuitaja saraka katika LD_LIBRARY_PATH, ingawa hilo nalichukulia kuwa kiraka cha muda tu.

Matokeo

Orodha ilitoka alfajiri, nami nikaipeleka kwa bibi kabla ya chai. Ilikuwa na kasoro ambayo hakuna maktaba ingeiondoa. Kipokomo na Kiswahili ni ndugu katika kundi la Sabaki, pamoja na Kimijikenda, Kielwana na Kikomoro. Neno lenye umbo moja katika lugha zote mbili lakini maana tofauti lilipita bila kukamatwa. Maneno hayo bibi aliyagundua mwenyewe, niliposoma beti kwa sauti naye akanikatiza.