Somo la Wakatekumeni: Mwenye Deni na Nyumba Yake



Amri ya saba mnaijua wote. Katekista akiwauliza, mnajibu upesi, na hata watoto wadogo hujibu pamoja nanyi. Lakini yuko mtu ajibuye vema mafundishoni, kisha akirudi nyumbani apita njia ya nyuma ya kijiji, kusudi asionane na mwenye duka. Mtu huyo hakuiba kitu. Alichukua chumvi, sabuni na madaftari ya watoto, akasema: «Nitalipa mwezi ujao.» Mwezi ukaja, ukapita. Ukaja wa pili. Sasa huzunguka mbali kwa sababu ya sabuni iliyokwisha kuyeyuka zamani. Mimi ninayewaandikia naijua njia hiyo. Nimeipita kwa miguu yangu.

Basi leo tusemee deni la nyumbani, na namna ya kulilipa bila kuvunjika moyo.

Kwanza tufahamu neno moja. Kukopa si dhambi. Mtoto akishikwa na homa kali usiku, baba hukimbilia kwa jirani, naye hafanyi vibaya. Aliyekopa kwa nia ya kulipa, kisha mvua ikaharibu shamba lake, si mwizi. Amepatwa na taabu. Lakini aliye na kitu cha kulipa, naye akakitumia kwa pombe au kwa nguo ya kujionyesha, huyo ashika mali ya mwenzake, ingawa hakuvunja mlango wa mtu. Na kati ya wawili hao wako wengi wasiojua wenyewe wako upande gani, maana hawakuhesabu kamwe. Kwa hao hasa naandika.

Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4, twasoma habari za mwanamke mjane. Mume wake alikuwa mcha Mungu, akafa akaacha deni. Mwenye kumdai akaja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. (Wazee wetu hawastaajabii habari hii, hata katika nchi zetu zamani mtu aliweza kuwekwa rehani kwa deni la jamaa yake.) Mjane akamlilia nabii Elisha. Nabii hakumpa fedha, wala hakwenda kugombana na mwenye deni. Alimwuliza nyumbani mwake mna nini. Akajibu kwamba hana kitu, ila chupa moja ya mafuta. Ndipo nabii akamtuma kwa majirani kuazima vyombo vitupu, vingi, afunge mlango, amimine. Mafuta yakajaza vyombo vyote. Nanyi mtazame mpango wa maneno ya nabii baada ya hapo: auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa yaliyobaki. Deni kwanza, masalio baadaye. Sisi twafanya kinyume: twala kwanza, na deni twalipa kwa masalio, na masalio hayapatikani.

Muujiza ni kazi ya Mungu. Lakini swali la nabii kila mtu aweza kujiuliza jioni hii: nyumbani mwangu mna nini?

Sasa tuhesabu. Asiyejua kusoma na amwite mtoto wake wa shule, amsomee polepole.

Tuweke mfano. Baba mmoja alikopa faranga 100,000, kwa sababu mke wake alipasuliwa hospitalini. Mwenye mali ataka nyongeza, ndiyo iitwayo riba, ya 20 kwa mia kila mwezi, yaani faranga 20,000. (Wako wanaodai kupita hapo.) Kila mwezi baba huyu apeleka faranga zake 20,000, naye hujisifu kwamba halali na deni. Baada ya miezi sita amekwisha kutoa faranga 120,000. Je, deni limebaki kiasi gani? Limebaki faranga 100,000, kama siku ya kwanza. Alilisha riba tu. Deni lenyewe hakuligusa hata kidogo.

Sasa jirani yake ana deni lile lile, lakini atoa faranga 30,000 kila mwezi. Mwezi wa kwanza deni lashuka, labaki 90,000. Kwa kuwa deni limepungua, riba nayo yapungua: mwezi wa pili ni 18,000, si 20,000 tena. Deni labaki 78,000. Mwezi wa tatu 63,600. Wa nne 46,320. Wa tano 25,584. Mwezi wa sita akitoa faranga zake 30,000, zinabaki faranga 700 na kidogo tu. Wa kwanza na wa pili wapitana kwa faranga 10,000 kwa mwezi. Lakini baada ya nusu mwaka mmoja ni mtu huru, na mwenzake angali mtumwa.

Faranga 10,000 kwa mwezi ni kama faranga 334 kwa siku. Ndizo tunazozitafuta. Hatutafuti mali kubwa iliyofichika. Twatafuta zile faranga 334 zinazopotea kila siku bila kuonwa.

Zapotea wapi? Nyingine zapotea dukani, katika vipimo vidogo. Anayenunua sabuni kipande kwa kipande na mafuta kijiko kwa kijiko, mwisho wa mwezi amelipa kupita yule aliyenunua mche mzima na chupa nzima. Maskini hulipa ghali kwa kuwa hana fedha za kununua kwa pamoja. Ni jambo la kusikitisha, lakini ndivyo lilivyo. Basi anza na kitu kimoja tu, tuseme chumvi: jinyime wiki mbili, ununue ya mwezi mzima. Mwezi wa pili ongeza sabuni. Nyingine zapotea sokoni kwa mboga ambazo zingeota nyuma ya jiko lako. Lengalenga na matembele hazidai shamba kubwa, zataka maji uliyooshea vyombo tu. Nyingine zapotea katika chupa, na hapo sina haja ya kuhubiri. Kila mtu ajua bei ya pombe kijijini kwake, na ahesabu mwenyewe.

Lakini palipo na fedha nyingi zaidi ni ghalani. Wakati wa mavuno kila mtu auza maharage, na bei yaanguka. Miezi michache baadaye, wakati wa kupanda, watu wale wale wayanunua tena kwa bei ya juu, na mara nyingi kwa mkopo. Wengine huuza mahindi yangali mabichi shambani, kwa nusu ya bei. Mwenye deni asikose akili hapo. Auze kiasi cha kulipa riba na sehemu ya deni, mengine ayatunze. Maharage yakauke sana juani, yatiwe katika bidoni safi na kavu, yaijaze hata juu, kisha kifuniko kifungwe kabisa. Wadudu walio ndani hukosa hewa, wakafa. Asiye na bidoni achanganye maharage na majivu makavu, kama walivyofanya bibi zetu. Akiyauza wakati wa kupanda, huenda faida yake ikapita yote aliyojinyima dukani kwa mwaka mzima.

Sasa niseme pia mahali pasipoguswa. Wako watu wakisikia neno «kubana matumizi» huanza na sahani ya watoto. Ni makosa. Mtoto asiyekula huugua, na ugonjwa huzaa deni jipya. Tena usilipe deni kwa mbegu, wala kwa jembe. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, Mungu aliwakataza Waisraeli kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa maana kuchukua jiwe hilo ni kuchukua uhai wa mtu. Jembe lako ni jiwe lako la kusagia. Mwenye kukudai akilitaka, mwambie kwa heshima kwamba bila jembe hatalipwa kamwe.

Matanga na ndoa ni jambo gumu zaidi. Ndugu akifiwa, hakuna ajaye mikono mitupu, nami sisemi uache desturi njema ya kusaidiana. Lakini mwili wako pia ni mchango. Teka maji, pasua kuni, chimba kaburi, lala pale na wafiwa usiku kucha. Mkubwa wa ukoo akikuuliza habari ya fedha, umwambie waziwazi: «Baba, nina deni, nalilipa, mwaka huu natoa mikono yangu.» Maneno hayo ni magumu mara ya kwanza. Mara ya pili ni mepesi, na hakika wako wengine pale matangani ambao wangependa kuyasema, lakini wanaogopa.

Tena, usiweke fedha za deni nyumbani ukingoja zitimie zote. Fedha zilizo ndani ya kibuyu huitwa na kila shida ipitayo mlangoni. Wazee wanakumbuka pia mwaka 1979. Tarehe 25 Desemba mwaka huo serikali ya Zaire ilitangaza ya kuwa noti za zaire 5 na za zaire 10 zimeondolewa. Watu walipewa siku chache za kuzibadili, wala si zote. Waliokuwa wameficha mali yao chini ya kitanda waliamka na makaratasi. Ukipata, peleka. Na kama deni lako lilihesabiwa kwa dola, huku wewe wauza mazao kwa faranga, uliza bei ya dola siku ile ile, mbele ya shahidi.

Nimesema habari ya fedha. Sasa habari ya moyo, maana ndio uchokao kwanza.

Mwezi wa kwanza kila mtu ana bidii. Mwezi wa tatu ndio mgumu. Umejinyima, nguo yako ina viraka, jirani amenunua redio, nawe ukitazama deni waona lingali kubwa. Katika mfano wetu, mwezi wa tatu bado zinabaki faranga 63,600. Wengi huacha hapo, nao hawajui ya kuwa njia ngumu imekwisha pita, kwa kuwa tangu hapo riba yapungua upesi: mwezi wa sita ni faranga 5,117 tu, badala ya 20,000. Kwa hiyo yafaa deni lionekane kwa macho. Chukua kamba, ufunge mafundo kumi, kila fundo faranga 10,000. Itundike ukutani mahali mnapokula. Kila deni likipungua faranga 10,000, fungueni fundo moja, mke na mume pamoja na watoto wakitazama. Kamba haidanganyi, wala haihitaji kusoma. Na mafundo matano yakifunguliwa, pikeni samaki siku hiyo. Nyumba isiyofurahi hata mara moja haifiki mwisho wa safari.

Nimesema: mke na mume pamoja. Mume anayeficha deni lake amwachia mke kazi ya kulijaza tena bila kujua. Yeye ajinyima tumbako, mama akopa kitenge. Mwambie mke wako usiku mmoja, hesabu yote, bila kuacha hata faranga moja. Atakasirika. Kisha atakuonyesha njia tatu ambazo wewe hukuziona.

Wala usiende peke yako. Mnaijua likelemba: watu kumi, kila mmoja atoa faranga 10,000 kwa mwezi, na faranga 100,000 hupewa mmoja kwa zamu. Mwenye deni la riba na aombe zamu ya kwanza. Baba yule wa mfano wetu, akilipa riba ya mwezi mmoja, kisha akilimaliza deni kwa fedha za likelemba, jumla atakuwa ametoa faranga 120,000 tu, pamoja na michango yake yote. Aliyelipa peke yake alitoa zaidi ya 180,000. Lakini sikilizeni vema: aliyepokea kwanza, kisha akaacha kutoa, amewadhulumu majirani tisa mahali pa tajiri mmoja. Hapo amri ya saba yamhusu kweli.

Jambo hili si la Kongo peke yake. Huko Kanada alikuwako mtu mkatoliki, Alphonse Desjardins, mwandishi wa maneno ya wajumbe bungeni. Mwaka 1897 alisikia mjumbe mmoja akieleza habari za mtu aliyekopa dola 150, akadaiwa riba hata ikafika dola 5,000. Neno hilo lilimchoma. Mwezi wa Desemba 1900, mjini Lévis, yeye na jirani zake waliunda chama cha kuweka na kukopeshana, na Januari 1901 walipokusanya mara ya kwanza walipata dola 26 na senti 40 tu. Chama hicho kingaliko hata leo, nacho ni kikubwa sana. Vyama vya namna hiyo viko Kongo pia, vyaitwa COOPEC. Kabla ya kuweka fedha humo, ulizeni kwanza ni nani avisimamiaye.

Mwisho, mwenye kukudai. Usimkimbie. Siku ya kulipa ikikaribia nawe huna zote, nenda siku moja kabla, ukapeleke ulizo nazo. Mtu aonaye faranga 5,000 mkononi mwako husikiliza. Mtu aonaye mgongo wako huita mashahidi.

Maulizo ya kujibu nyumbani:

1. Nabii Elisha alimwambia mjane afanye nini kwanza kwa fedha za mafuta?

2. Taja vitu viwili nyumbani mwako usivyoweza kuvitoa kwa deni, na sababu yake.

3. Mama mmoja anadaiwa faranga 50,000, na riba ni 10 kwa mia kila mwezi. Akilipa faranga 5,000 kila mwezi, baada ya mwaka atakuwa ametoa ngapi, na deni litabaki ngapi? Na akilipa 10,000 kila mwezi, deni litakwisha mwezi wa ngapi? Fanyeni hesabu hii kwa punje za mahindi, kisha mleteni jibu kwa katekista.